Kupiga picha anga la preri jioni za Juni: mwongozo wa kuanzia

Kila mwaka ikifika mwisho wa Mei maswali yaleyale yanarudi, kutoka kwa kaka na dada zetu walioko Wichita, Topeka, Kansas City na wengine wa mbali zaidi. Mbona anga langu linatoka jeupe? Niende saa ngapi? Simu inatosha au lazima ninunue kamera? Nimeona bora niyaandike yote sehemu moja, we soma mpaka mwisho alafu utoke na gari lako.

Naongelea Flint Hills, vilima vya preri (mbuga za nyasi ndefu) hapa Kansas, Marekani, maana ndiko ninakopiga mimi. Kama uko Nebraska, Dakota au kule Saskatchewan, Kanada, mambo mengi ni yaleyale, ila saa za jua uangalie za kwako, maana ukizidi kwenda kaskazini mwezi wa Juni jua linazidi kuchelewa.

Kuna kitu kimoja nataka ukishike hata ukisahau mengine yote: kwetu jua likizama kazi imeisha, huku jua likizama ndo kazi inaanza. Dar, Mombasa, Bujumbura, jua linashuka karibu wima, ukigeuka kuangalia sufuria ukirudi nje ni giza. Huku mwezi wa Juni jua linashuka kwa mshazari, linatambaa tambaa, likishazama bado una nusu saa nzima ya mwanga wa maana na zaidi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikunja vitu dakika ileile jua lilipopotea, mazoea ya nyumbani tu, nikawasha gari, nafika barabara kuu naangalia kwenye kioo naona anga lote nyuma yangu limewaka jekundu mpaka kwenye mawingu ya juu kabisa, na pale hakuna hata pa kusimamisha gari. Iliniuma sana, na sitaki ikukute.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Kamera au simu. Kwa anga simu ya miaka ya karibuni inatosha kabisa, usikope hela kwa ajili ya hili. Kwa kamera, ile lenzi ya 18-55 inayokuja nayo dukani inatosha kuanzia. Baisani (nyati wa Marekani) na ndege ndo wanataka lenzi ndefu, milimita 300 kwenda juu.
- Tripodi, na isiwe ile nyepesi kama mwanzi. Upepo wa Kansas hauna adabu.
- Betri ya pili, memori kadi yenye nafasi, kitambaa laini cha kufutia lenzi.
- Tochi ya kuvaa kichwani, yenye taa nyekundu ikiwezekana, ili macho yasipofuke ukiwa gizani.
- Suruali ndefu, soksi umezivuta juu ya suruali, dawa ya wadudu. Kupe wa huku wanaleta magonjwa, na kuna vijidudu vyekundu vidogo kuliko punje ya chumvi ambavyo vitakuwasha wiki nzima. Ukirudi nyumbani jikague mwili mzima, na watoto wakague.
- Maji, mafuta ya gari ya kutosha, na tairi la akiba lenye upepo. Flint ni gumegume, lile jiwe la kuwashia moto, na barabara nyingi za vijijini huku zimemwagwa changarawe hiyohiyo, ina makali. Ndo jiwe hilohilo lililowashinda wakulima kulima, na ndo sababu nyasi hizi zipo mpaka leo.
- Ramani umeshaipakua kwenye simu, maana mtandao unakatika, na programu ya hali ya hewa yenye rada.

Pa kwenda

Kama hujui pa kuanzia nenda Tallgrass Prairie National Preserve, iko kaskazini kidogo ya mji wa Strong City kwenye barabara ya K-177. Ilianzishwa 1996, kuingia ni bure na njia za kutembea ziko wazi saa 24. Kutoka Wichita unapanda I-35 mpaka Cassoday, unatoka, unashika K-177 kwenda kaskazini, na kipande hicho cha Cassoday mpaka Council Grove, maili 47, kwa kweli ni kizuri kote. Nyasi ndefu za namna hii zilikuwa zimefunika eneo kubwa sana la katikati ya Marekani, leo imebaki chini ya asilimia 4, na sehemu kubwa ya hiyo iliyobaki ndo hii unayoiona kwenye dirisha la gari.

Angalizo la mapema: karibu ardhi yote ya Kansas ina mwenyewe. Ukiona seng'enge, hiyo ni shamba la mtu hata kama hakuna nyumba mpaka upeo wa macho. Piga ukiwa barabarani, usiruke, usifungue geti.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku kwa mawingu, sio kwa jua. Wengi wanasubiri siku anga liko safi kabisa. Anga safi jioni linakupa ukanda mwembamba wa rangi ya chungwa basi. Unachotaka ni mawingu ya juu yaliyotawanyika, yale membamba kama pamba iliyochambuliwa, na upeo wa magharibi uwe wazi ili mwanga upite chini yake. Saa kumi na moja jioni fungua picha ya satelaiti: ukiona ukuta mzito wa mawingu umesimama magharibi, lala nyumbani. Ukiona mvua ya radi imepita na inaelekea mashariki na nyuma yake kuna uwazi, acha kila kitu uende.

2. Fika saa moja na nusu jioni. Wiki za katikati ya Juni jua linazama Strong City saa tatu kasoro dakika chache usiku, simu itakuandikia 8:50 na kitu. Mwenzako ukimwambia "saa tatu" mhakikishie ni saa tatu ya Kiswahili, nimeshaona mtu anafika mchana jua la utosi anauliza mko wapi. Hiyo saa nzima na zaidi kabla ya jua kuzama ni ya kutembea na kutafuta mahali, ukifika mwanga umeshakuwa mzuri utapiga popote utakapokuwa umesimama tu.

Na kumbuka Juni jua halizami magharibi kamili, linazama kaskazini-magharibi, limehama upande wa kulia zaidi ya unavyotegemea. Watu wanapanga picha na mti alafu jua linaenda kuzama kule pembeni kabisa.

3. Tafuta kitu cha mbele. Hapa ndo wanaoanza wanaanguka, na nitakaa hapa kidogo. Preri ni kubwa mno, ukiipiga yenyewe tu unapata mistari miwili, kijani chini na buluu juu, na mtu akiangalia haoni ukubwa wowote kwa sababu hakuna cha kupimia. Anga linakuwa kubwa pale unapoliwekea kitu kidogo chini yake. Nguzo ya seng'enge, kinu cha upepo cha kuvutia maji ya ng'ombe, mti mmoja uliosimama peke yake bondeni, barabara ya changarawe inayopotelea juu ya kilima.

Mimi mahali pangu ni pale kwenye shule ya zamani ya Lower Fox Creek, ndani ya hifadhi hiyohiyo. Ni chumba kimoja cha mawe ya chokaa, ilijengwa 1882, imekaa juu ya kilima haina jirani. Ukishuka chini kidogo ukakaa kitako kwenye nyasi, paa la ile shule linakata anga lenyewe, na jiwe la chokaa lina tabia moja, linakunywa rangi ya mwanga. Saa mbili usiku ni la krimu, saa mbili na nusu limekuwa kama asali, jua likigusa upeo linakuwa na wekundu wa tofali la kuchoma, alafu ghafla linazimika linakuwa kijivu. Kaa uangalie ukuta ule mmoja tu jioni moja, utajifunza mwanga kuliko ukisoma maandishi yangu haya.

Kama hakuna kitu kirefu, inama. Mwanzo wa Juni nyasi bado fupi, kijani kibichi hasa kule wafugaji walikochoma moto masika, na kati yake kuna maua: milkweed ya rangi ya chungwa inayovuta vipepeo, na yale ya zambarau ya Echinacea yenye petali zinazoning'inia. Weka kamera usawa wa ua, anga liwe nyuma.

4. Kaza tripodi. Miguu ifungue mapana, usivute ile nguzo ya katikati juu, ning'iniza begi lako katikati ila liguse chini kidogo lisibembee. Upepo ukizidi simama wewe upande unakotoka upepo uwe ukuta. Usibadilishe lenzi nje, ingia garini, vumbi likishakaa kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachonasa picha, utaliona kwenye kila anga utakalopiga.

5. Weka setingi. Kwa kamera: piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichezea), ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi f/8 mpaka f/11 (namba ikikua tundu linakuwa dogo), spidi ya shata, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie, iache kamera ichague, na ushushe mwanga kwa theluthi mbili za stopu, kamera inaandika -0.7. Waiti balansi, ile setingi ya kusahihisha rangi ya mwanga, usiache ya otomatiki, weka ya jua au ya mawingu, maana otomatiki inaona chungwa inadhani ni kosa, inalifuta. Fokasi iweke kwenye kile kitu chako cha mbele kama kiko mbali kidogo, alafu ibadilishe iwe ya mkono isihangaike.

Kwa simu: futa lenzi kwanza, mafuta ya vidole ndo yanayofanya jua litapakae. Gusa anga lenye mwanga, shikilia mpaka ifunge, alafu telezesha kidole chini mpaka uone rangi zimerudi. Usivute zumu kwa vidole, tembea kwa miguu.

Upeo wa macho usiuweke katikati. Anga likiwa na habari lipe robo tatu ya picha. Na uunyooshe, huku hakuna milima ya kuficha upeo ulioegama.

Usiangalie jua kupitia kioo cha kamera ukiwa na lenzi ndefu. Linaunguza macho, tumia skrini ya nyuma.

6. Geuka nyuma. Kila dakika kumi ligeuzie jua mgongo. Mashariki ndo kwenye vitu ambavyo watu hawavioni kwa sababu wote wamekodoa macho magharibi. Jioni ya anga safi, jua likishazama tu, angalia chini kabisa mashariki: kuna ukanda wa buluu ya kijivu, na juu yake ukanda wa pinki. Ile buluu ni kivuli cha dunia yenyewe kinapanda. Mjini hukioni, majumba yameziba. Na kama mvua ya radi imepita kwenda mashariki, jua la nyuma yako linaimulika yote, mawingu yananing'inia chini kama matiti ya mbuzi yenye rangi ya pichi, na upinde wa mvua muda huo jua liko chini unasimama mrefu karibu nusu duara kamili.

7. Jua likizama, baki hapo hapo. Dakika tano za kwanza rangi inafifia na utaona kama imeisha. Haijaisha. Mwanga unapanda kutoka chini, unaanza kugusa matumbo ya mawingu ya juu, na ukiwa na bahati kati ya dakika ya kumi na ya ishirini ndo linawaka. Shata sasa itakuwa inachelewa, nusu sekunde, sekunde mbili, hapo tripodi inalipa na tumia taima ya sekunde mbili badala ya kubonyeza kwa kidole. Toka hapo mpaka saa tatu na nusu ni buluu, nzuri sana kwa kinu cha upepo na mwezi. Siku moja kabla ya mwezi mpevu unachomoza upande wa kusini-mashariki wakati bado kuna mwanga, ndo siku ya kuupiga pamoja na nyasi, ukisubiri usiku utakuwa doti jeupe kwenye weusi.

8. Wanyama na ndege. Baisani wako kwenye malisho yanayoitwa Windmill Pasture, walirudishwa hapo 2009, na Juni wana ndama wadogo wa rangi ya kutu. Sisi tunaomjua nyati hatuhitaji kuambiwa mara mbili: kaa mbali angalau yadi 100, kama mita 90. Nyoosha mkono, inua dole gumba, ukifunga jicho moja na gumba halimfuniki mnyama mzima uko karibu mno, rudi nyuma. Jamaa anaonekana amelala lakini ukimkera anakimbia kukuzidi mbali, na mama mwenye ndama ni mbaya zaidi.

Ndege rahisi ni yule mwenye kifua cha njano na V nyeusi, meadowlark, ndo ndege wa jimbo la Kansas, anapenda kuimba juu ya nguzo. Usimfuate, kaa garini umeshusha kioo, gari ni kificho kizuri. Spidi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde kwenda juu, ISO ipande tu usiogope. Saa mbili na nusu hivi utasikia kitu kinavuma juu yako kama mtu amepuliza mdomo wa chupa, ni ndege wa ukoo wa mpasuasanda anajirusha chini, mara ya kwanza nilishtuka nikainama.

9. Vimulimuli na nyota, kama una nguvu bado. Vimulimuli wanatoka giza likianza kushika, zaidi sehemu za chini karibu na vijito na miti. Tripodi, f/2.8 au tundu lako kubwa kuliko yote, ISO 1600, sekunde 15, piga nyingi. Zima tochi, ukiwasha wanakaa kimya. Kwa nyota subiri mpaka saa tano kasoro usiku, kabla ya hapo anga bado lina mwanga, na uangalie kusini-mashariki.

Radi, na hapa naomba unisikilize

Mei na Juni ndo miezi ya radi kali na tonado (upepo mkali unaozunguka kama mnara) huku, na mawingu mazuri kuliko yote ni yale yanayoua. Kwenye preri kitu kirefu kuliko vyote ni wewe na tripodi yako ya chuma. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, hata jua likiwa bado linawaka, umeshafikiwa, ingia kwenye gari la bati ufunge vioo. Usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usijifiche chini ya mti, wala chini ya daraja la barabara ukiona tonado.

Simu ikiandika "watch" maana yake hali inaruhusu tonado kutokea, anza kurudi. Ikiandika "warning" maana yake imeonekana au rada imeiona, tafuta jengo imara sasa hivi, picha baadaye. Ukitaka picha ya radi subiri mvua ipite iende mbali mashariki, egesha gari likitazama huko, kamera iegemeze kwenye dashibodi, f/8, ISO 200, sekunde 10, piga mfululizo bila kusubiri. Na barabara za udongo zikilowa usiingie, utavutwa na trekta kesho yake.

Ikigoma

*Anga jeupe, nyasi zinaonekana vizuri.* Umepimia mwanga kwenye nyasi. Pimia kwenye anga, au piga tatu, ya kawaida, ya giza na ya mwanga, uziunganishe nyumbani.

*Nyasi nyeusi tii.* Kama una kitu chenye umbo zuri, iache iwe nyeusi, ni picha halali. Kama hutaki, RAW itakuruhusu kuinua giza kiasi, JPEG, lile faili la kawaida, itachafuka.

*Rangi hazifanani na nilichoona.* Waiti balansi ya otomatiki, rudi hatua ya 5. Na usikimbilie kuvuta kiwango cha rangi mpaka mwisho, anga la zambarau iliyokoza hakuna anayeliamini.

*Picha imetikisika na tripodi ninayo.* Upepo, au kile kizuia-mtikisiko cha lenzi kinapigana na tripodi, kizime. Nyasi kuyumba ni sawa, angalia nguzo au jengo ndo likwambie ukweli.

*Madoa yaleyale kila picha, sehemu ileile.* Vumbi kwenye sensa. Yanaonekana zaidi ukifunga tundu f/16, rudi f/8 mpaka upate pa kusafishia.

*Kwenye kamera ilikuwa nzuri, kwenye kompyuta giza tupu.* Gizani ile skrini ndogo inang'aa kuliko hali halisi, inakudanganya. Washa histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, ukiona mlima wote umesongamana kushoto ongeza mwanga papohapo kabla hujaondoka.